Wakala anataka pauni 3,000 za viza ya mavuno: nimlipe?

Swali

Shikamoo mzee wangu. Nina miaka 28, nimelima tangu utotoni, na miaka minne hii nimekuwa dereva wa trekta kwenye shamba la watu. Kuna wakala anasema atanipatia viza ya miezi sita ya kuchuma stroberi Uingereza kuanzia Mei. Anataka pauni 3,000, nusu sasa na nusu viza ikitoka. Amenitumia picha ya cheti cha udhamini chenye jina langu, pamoja na barua ya shamba. Anasema nikishafika nitabadilisha viza nibaki hukohuko, na mke wangu atanifuata. Hela naweza kukopa. Je, nimlipe? Na kama si yeye, mtu wa kawaida anaipataje viza ya kazi za msimu mashambani nje ya nchi? Pasipoti ninayo, inaisha mwezi wa 11.

Jibu

Marahaba, mwanangu. Usimlipe, na usikope. Pasipoti yako usimwachie, hata kama atasema anaihitaji kwa siku moja tu. Sasa nikueleze sababu, maana nikikukataza na kunyamaza, kesho atakuja mwingine mwenye maneno matamu zaidi na utakuwa huna cha kumpimia.

Nianze na ile picha. Cheti cha udhamini cha Uingereza, kile ambacho mawakala hukiita CoS, kina jina la kupotosha. Jina linasema cheti, lakini hakuna karatasi. Ni kumbukumbu iliyo kwenye mfumo wa kompyuta wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, na anachopewa mfanyakazi ni nambari ya kumbukumbu hiyo, ambayo anaijaza kwenye fomu ya kuomba viza. Nimeshika mkononi "vyeti" vingi kama hicho chako. Cha mwisho kuonyeshwa kilichapishwa kwenye karatasi nene, kina nembo ya taji juu, muhuri mwekundu chini na sahihi ya wino wa bluu. Kijana aliyekileta alikiweka ndani ya faili la plastiki na alikitoa kwa ncha za vidole, asije akakikunja. Nikamwomba anisomee nambari ya udhamini. Tukaitafuta pamoja mbele na nyuma, haikuwepo. Alikuwa ameshalipa nusu.

Barua ya shamba nayo inamuumbua wakala wako. Katika mpango wa Uingereza mkulima hamdhamini mfanyakazi wa msimu moja kwa moja. Udhamini uko kwa kampuni chache zilizoidhinishwa na serikali kuendesha mpango huo, na majina yake yamewekwa hadharani kwenye tovuti ya serikali, gov.uk. Hizo ndizo zinazochagua watu, ndizo zinazotoa nambari, na ndizo zinazokupangia shamba. Mtu akikuletea barua ya Bwana Shamba Fulani inayosema "tunakudhamini", hata kama shamba hilo lipo kweli, barua hiyo haikupi viza.

Kuhusu kubaki: viza hii haiongezwi ikizidi miezi sita, na kanuni zao za uhamiaji zimeitaja miongoni mwa zile ambazo mwenye nazo hawezi kuhamia viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi akiwa ndani ya nchi. Mke wala mtoto haingii chini yake. Kwa hiyo anachokuuzia huyo mtu ni kuzamia, ila neno lenyewe hakulitaja.

Na zile pauni 3,000. Uingereza ina sheria ya mwaka 2004 inayomtaka kila anayepeleka wafanyakazi mashambani awe na leseni, hata kama ofisi yake iko nje ya nchi hiyo, na inakataza kumtoza mfanyakazi ada ya kutafutiwa kazi. Sheria hiyo ina historia ya kuumiza. Usiku wa tarehe 5 Februari 2004, watu 23 kutoka China waliokuwa wakiokota kombe kwenye ghuba ya Morecambe walizingirwa na maji ya bahari yaliyojaa wakiwa mbali mchangani, gizani, wakafa maji. Msimamizi aliyewapeleka alikuja kufungwa jela kwa kusababisha vifo vyao, na miezi michache baada ya mkasa Bunge lilipitisha sheria ya leseni. Ninakuhadithia haya ili uone kwamba leseni si urasimu wa kuzunguka. Wapo waliokufa ndipo ikawekwa. Shirika la Kazi Duniani nalo, katika Mkataba wake namba 181 wa mwaka 1997, linasema mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi, si moja kwa moja wala kwa mlango wa nyuma.

Hapo nimemaliza habari za wakala. Swali lako la pili ndilo kubwa, na nitakaa nalo.

Viza ya kazi za msimu huanzia kwa mwenye shamba. Yeye ndiye anayeona mavuno yanakuja na mikono haitoshi, yeye au mdhamini wake ndiye anayeiomba serikali ruhusa ya kuleta watu, na wewe unaingia mwisho kabisa, mlango ukiwa umeshafunguliwa kutoka ndani. Ndiyo maana hakuna mtu anayeweza "kukutolea viza ya shamba" kabla hujatajiwa mwajiri, zao, tarehe na mshahara. Ukishaielewa hiyo, kila ofa utakayoletewa utaifuata kurudi nyuma hadi shambani. Ikikatika njiani, iache.

Chukua Marekani, kwa sababu utaratibu wao unaonekana wazi zaidi. Viza yao ya mashamba inaitwa H-2A, nayo ilipata sura hii kwa sheria ya uhamiaji ya mwaka 1986. Haina kikomo cha idadi kwa mwaka. Mkulima wa matufaha anayehitaji watu huanza siku 60 hadi 75 kabla ya tarehe ya kazi: anapeleka tangazo kwa idara ya kazi ya jimbo lake, analazimika kuwatafuta wenyeji kwanza, kisha Idara ya Kazi ya taifa inathibitisha kwamba watu hawatoshi na kwamba mshahara anaotoa hautawashusha wafanyakazi wa huko. Pia anapeleka ombi kwa idara ya uhamiaji, USCIS, kwenye fomu I-129, nalo halikubaliwi bila uthibitisho huo. Likikubaliwa, sasa ni zamu yako: unajaza fomu DS-160 mtandaoni, unalipa ada ya viza, ambayo tangu mwaka 2023 ni dola 205, na unakwenda ubalozini kuhojiwa.

Angalia ni karatasi ngapi zimeshaandikwa kabla jina lako halijaguswa. Na nyingi unaweza kuzihakiki mwenyewe ukiwa na simu. Matangazo ya kazi za H-2A huwekwa hadharani kwenye tovuti ya Idara ya Kazi, seasonaljobs.dol.gov, yakiwa na jina la mwajiri, mahali, zao, tarehe ya kuanza na kumaliza, malipo kwa saa, na namna ya kuomba. Ombi likipokelewa USCIS hupewa nambari yenye herufi tatu na tarakimu kumi, na nambari hiyo unaiingiza kwenye tovuti yao ikakuonyesha limefika wapi. Wakala wa kweli hukupa nambari hiyo bila jasho kumtoka.

Masharti ya H-2A kwa mwajiri ni mazuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Lazima akupe nyumba bure. Lazima akupe vifaa vya kazi bure. Ukifika nusu ya mkataba anakurudishia nauli uliyotumia kwenda ikiwa hakuilipa mwanzoni, na ukimaliza mkataba anakulipia ya kurudi. Lazima akuhakikishie angalau robo tatu ya saa zilizoandikwa kwenye mkataba, yaani mvua ikisimamisha kazi siku kadhaa, bado unamdai malipo ya saa hizo. Na nakala ya mkataba, kwa lugha unayoielewa, inatakiwa ikufikie kabla hujaomba viza au siku hiyohiyo unayoomba, si baada ya kushuka kwenye ndege.

Zamani Marekani ilikuwa na orodha ya nchi ambazo raia wake waliruhusiwa kuomba H-2A, na iliwafungia wengi nje. Kanuni iliyoanza kazi tarehe 17 Januari 2025 iliiondoa orodha hiyo. Bado kuna marufuku za kusafiri zinazolenga uraia wa nchi fulanifulani, kwa hiyo angalia ya kwako kwanza. Lakini pia usijidanganye kuhusu ushindani: takriban tisa kati ya kila wafanyakazi kumi wa H-2A hutoka Mexico, kwa sababu ni jirani, nauli ni ndogo, na wakulima huwaita tena walewale waliofanya nao kazi mwaka jana. Wanaofuata kwa wingi ni watu wa Afrika Kusini, na hapa ndipo nataka unitegee sikio. Wengi wao hawaendi kuchuma matunda. Wanaendesha matrekta makubwa na mashine za kuvuna ngano, wakihama na mavuno jimbo hadi jimbo. Wewe umeandika kwa mstari mmoja, kama jambo dogo, kwamba umekuwa dereva wa trekta miaka minne. Hilo ndilo la thamani kubwa kuliko yote uliyoniandikia. Wachumaji wapo tele. Mtu anayejua kufunga jembe, kurekebisha kina chake, kusoma mita za mashine na kuitunza isife katikati ya msimu, huyo mkulima humlipia nauli kwa furaha.

Kwa hiyo mwombe mwajiri wako wa sasa barua yenye maelezo hasa: aina na nguvu ya trekta, vifaa ulivyovuta, ekari mlizolima kwa msimu, miaka uliyofanya kazi, na nambari yake ya simu, ambayo ataipokea akipigiwa. Barua inayosema "ni mchapakazi na mwaminifu" haimwambii mkulima chochote.

Kanada ina njia mbili na watu huzichanganya. Ule mpango maarufu wa msimu, ulioanza mwaka 1966 kwa wafanyakazi kutoka Jamaica, ni wa Mexico na nchi za visiwa vya Karibiani tu, na mtu hukaa hadi miezi minane. Kama uraia wako si wa huko, mlango huo haukuhusu. Uliopo kwako ni mkondo wa kilimo ulio chini ya mpango wa wafanyakazi wa muda wa kigeni, ulio wazi kwa nchi yoyote. Mwajiri anatakiwa kwanza apate tathmini ya soko la ajira, inayojulikana kama LMIA, kisha wewe unaomba kibali cha kazi kwa dola 155 za Kanada, na 85 za alama za vidole. Nauli ya kwenda na kurudi ni ya mwajiri. Nyumba anaweza kukukata, lakini isizidi dola 30 kwa wiki. Matapeli wanapenda sana kusema "nina LMIA ya kuuza". LMIA ni ya mwajiri kwa kazi maalumu, na kukuuzia ni kosa huko kwao.

Australia na New Zealand nazitaja kwa haraka kwa sababu watu huniuliza kila wiki. Mipango yao ya msimu mashambani, ule wa New Zealand ukiwa umeanza mwaka 2007, imejengwa kwa ajili ya nchi za visiwa vya Pasifiki, na wa Australia umeongeza Timor-Leste. Kama si raia wa huko, mtu anayekuahidi nafasi kwenye mipango hiyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Umoja wa Ulaya una Agizo la mwaka 2014 linaloruhusu kazi za msimu kwa kipindi cha kati ya miezi mitano na tisa ndani ya miezi 12, kila nchi ikichagua muda wake. Mfano ni Italia: serikali hutangaza idadi ya watu watakaoingia, mwajiri hutuma ombi mtandaoni siku iliyopangwa, nafasi hugombaniwa kwa dakika, na akifanikiwa hupata idhini inayoitwa nulla osta ambayo ndiyo unayoipeleka ubalozini. Hapo pia mwajiri ndiye mwombaji. Yapo malalamiko ya watu waliofika Italia na nulla osta halali kisha mwajiri haonekani, kwa hiyo hata karatasi ikiwa ya kweli, zungumza na mwenye shamba kwa sauti yake kabla ya kukata tiketi.

Turudi Uingereza, kwa kuwa ndiko moyo wako uliko. Mpango huu ulianza upya kama majaribio mwaka 2019 kwa nafasi 2,500, baada ya ule wa zamani kufungwa mwaka 2013, na kufikia mwaka 2025 nafasi za mboga na matunda zilikuwa 43,000. Haudai cheti cha shule wala mtihani wa Kiingereza. Unadai uwe na miaka 18 au zaidi, uwe na nambari ya udhamini, na uwe na akiba ya pauni 1,270 iliyokaa benki siku 28 mfululizo, isipokuwa mdhamini athibitishe kwamba atakugharamia mwanzoni. Ada ya viza ilipanda Aprili 2025 kutoka pauni 298 hadi 319. Unaomba ndani ya miezi mitatu kabla ya siku ya kuanza kazi, unatoa alama za vidole, na majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu.

Namna ya kuingia ni hii: fungua orodha ya waendeshaji kwenye gov.uk, nenda kwenye tovuti ya kila mmoja, na uangalie wanachukua watu kutoka nchi gani msimu huu. Miaka ya karibuni wamechukua wengi kutoka Asia ya Kati: Kyrgyzstan, Tajikistan, Kazakhstan, Uzbekistan. Kama nchi yako ipo, omba kwao wenyewe, mapema, msimu wa baridi wa kwao ukiwa bado haujaisha. Kama nchi yako haipo, msimu huu umekwisha kwako, na hakuna hela inayobadilisha hilo. Najua si jibu ulilotaka kusikia. Lakini ni bora ulisikie kwangu bure.

Ile ahadi ya "utalipa deni ukifika" tuipigie hesabu, maana hapo ndipo watu wanapotea. Nitumie viwango vya mwaka ulioanza Aprili 2025, kwa kuwa hupandishwa kila Aprili. Kima cha chini kwa mtu wa umri wako kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, na mpango unamtaka mwajiri akulipe angalau wastani wa saa 32 kwa wiki. Hizo ni pauni 390.72. Malazi, mara nyingi kitanda kwenye nyumba ya magurudumu mnayoishi watu kadhaa, mwajiri aliruhusiwa kukata hadi pauni 10.66 kwa siku, yaani 74.62 kwa wiki. Makato ya bima ya taifa ni kama pauni 12. Unabaki na pauni 304 hivi kabla hujanunua hata mkate. Kodi ya mapato haikupasi kwa sababu wiki 26 za namna hiyo ni pungufu ya pauni 12,570 zisizotozwa kodi kwa mwaka, na ikikatwa unadai urudishiwe.

Sasa weka deni la wakala juu yake. Pauni 3,000 ni karibu wiki kumi za kazi yako, bila kula. Ongeza tiketi, ongeza ada ya viza, ongeza riba ya aliyekukopesha. Na wiki 26 si hakika: mtu anayefika katikati ya msimu anaweza kurudi nyumbani baada ya wiki 14. Mwaka 2022 magazeti ya Uingereza yalifichua wachumaji kutoka Indonesia waliofika mashambani huko Kent wakiwa na madeni ya hadi pauni 5,000 kwa madalali. Mtu mwenye deni la namna hiyo hawezi kukataa kitu. Akiambiwa apande kwenye gari bovu, anapanda. Akipunjwa, ananyamaza. Msimu ukiisha na deni halijaisha, anazamia. Nimewaona wakifika hapo hatua kwa hatua, na hakuna hata mmoja aliyeondoka nyumbani akiwa na nia hiyo.

Kuzamia kwenyewe kuna bei. Marekani, ukikaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 kisha ukaondoka, unafungiwa miaka mitatu. Ukipitisha mwaka mmoja, kumi. Uingereza, ikithibitika umedanganya kwenye ombi la viza, unaweza kufungiwa miaka kumi, na ndiyo sababu nyingine ya kutokubali karatasi ya kughushi iambatane na jina lako. Afisa wa viza hataanza kumtafuta wakala. Jina lililo mbele yake ni la kwako.

Kwenye ombi na kwenye mahojiano, sema ukweli kwa ufupi. Watakuuliza unakwenda kwa nani, kufanya nini, kwa malipo gani, na utarudia nini nyumbani. Hayo matatu ya kwanza watu wa mawakala hushindwa kuyajibu kwa sababu hawajawahi kuuona mkataba. La nne lijibu kwa mambo yaliyopo: mke, shamba, kazi inayokungoja. Usikariri. Na usiseme una ndoto ya kuishi huko. Viza hii inatolewa kwa mtu anayerudi, na wanaorudi ndio wanaoitwa tena mwaka unaofuata. Uingereza inakuruhusu kurudi msimu mwingine, na mkulima aliyekuona ukivuna vizuri humwambia mdhamini akutafute kwa jina.

Ukifanikiwa kufika, yako machache ya kushika. Stroberi huchumwa kwenye matuta yaliyoinuliwa chini ya mahema marefu ya plastiki. Unaanza alfajiri kabla joto halijapanda humo ndani, unaikata kwa kucha na kikonyo chake bila kuishika nyama, na kila trei inapimwa na kuandikwa kwa jina lako. Mashamba mengi hulipa kwa trei au kwa kilo. Kisheria hilo halina shida, lakini jumla ya malipo ikigawanywa kwa saa ulizofanya kazi ikawa chini ya kima cha chini, mwajiri anatakiwa akuongezee ifike. Watu wengi hawajui hilo. Kwa hiyo nunua daftari dogo, na kila jioni andika saa uliyoanza, uliyomaliza, na trei ulizojaza, kisha linganisha na karatasi ya malipo ya wiki. Wiki ya kwanza na ya pili utakuwa mzito, kila mtu huwa hivyo. Ukiona shamba halina kazi ya kutosha au unateswa, mdhamini anatakiwa awe na utaratibu wa kukuhamishia shamba jingine. Mwombe kwa maandishi, na uhifadhi ujumbe. Pasipoti inakaa kwako muda wote. Msimamizi akisema ataitunza ofisini, mwambie kwa upole kwamba utaitunza mwenyewe.

Kwa wakala wako, mtumie ujumbe mmoja: akupe nambari ya udhamini, jina la mwendeshaji wa mpango aliyeitoa, na nambari ya leseni yake ya kupeleka wafanyakazi mashambani. Usimtukane wala usimtishe. Ujumbe wake na ile picha vitunze, uvipeleke wizara ya kazi ya nchi yako au polisi, kwa sababu hajakuandikia wewe peke yako.

Na pasipoti yako. Ukianza kazi Mei kwa miezi sita, mkataba unaisha Novemba, mwezi uleule pasipoti inapokufa. Ukibadilisha pasipoti baada ya kupewa nambari ya udhamini, maelezo yake hayatalingana na utaanza kuhangaika na marekebisho huku nambari ikiwa na uhai wa miezi mitatu tu. Nenda ukaombe mpya sasa, kabla hujajaza fomu yoyote, na barua ya trekta uifuatilie wiki hiyohiyo.